Birika Lijae

2 Juni

Tumefika salama, tumelowa. Nafasi hii haikuwa yangu. Binamu yangu ndiye aliyejiandikisha na kikundi cha vijana, akapata kazi dakika za mwisho, na nafasi nikapewa mimi ninayeuza misumari na rangi dukani kwa mjomba. Kubadilishana utamaduni na kujitolea, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi nilitaka tu kuona nje kukoje. Nje ni kama ndani, na mvua zaidi.

Mama aliponisindikiza alinishika mkono akasema, "Huko uendako, usije ukakaa mtu mzima akabeba kitu mbele yako. Nitasikia." Mama husikia kweli. Sijui husikiaje, ila husikia.

3 Juni

Mvua.

4 Juni

Tumepangiwa kujitolea katika makao ya wazee. Chini kuna vyumba vinavyofungukia barazani, ukumbi wa kulia na jiko. Juu kuna vyumba vya wale wasiojiweza. Lifti hakuna, na ngazi ni za kuvunja kiuno, kwa hiyo aliyepandishwa hashuki. Wazee wanapaita Juu, basi, na wakipataja hupunguza sauti.

Sisi tunalala katika kilichokuwa chumba cha kufulia. Mabomba bado yako ukutani na moja linadondosha maji karibu na sikio langu. Wenyeji wanazungumza lugha yetu, ila polepole, utadhani maneno wameazima na watayarudisha. Msimamizi ni mama mwembamba mwenye funguo shingoni. Alitupangia kazi: asubuhi usafi, mchana kupaka rangi baraza, Ijumaa burudani. Kisha akasema, "Msiwachoshe," akaenda zake. Mkavu yule mama.

Kiongozi wetu tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hawezi kuomba chumvi bila kuhutubia. Simu yake haitoki mkononi. Kila tunachofanya anakipiga video kwa ajili ya wafadhili, pamoja na kushuka kwenye basi, jambo ambalo tulirudia mara mbili.

5 Juni

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa ukumbini na wazee tukisubiri chai. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mzee mrefu, shati jeupe, kitambaa kimekunjwa juu ya mkono wa kushoto, na mkononi birika kubwa la bati linalofuka mvuke. Alitembea taratibu. Alifika meza ya kwanza akainama kummiminia bibi mmoja.

Tuliruka sote kama tuliochomwa. Mheshimiwa alifika wa kwanza. "Hapana, hapana, Baba! Sisi tupo, wewe uhangaike? Kaa, Baba, tutamimina sisi." Akalichukua birika kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mwingine akamvutia mzee kiti. Mwingine akapiga makofi, na wazee kadhaa wakapiga pia, kwa kuwa ndiyo adabu mtu akipiga makofi.

Mzee alikaa. Kitambaa alibaki nacho mkononi, hajui akiweke wapi, mwisho akakiweka mapajani. Mheshimiwa alimimina meza mbili akachoka, birika likaja kwangu. Ni zito kuliko linavyoonekana. Nilimwaga kidogo kila meza.

Nilijisikia vizuri, nakiri. Nilimfikiria Mama.

8 Juni

Burudani ya kwanza. Tulicheza ngoma. Wazee wawili walilala, mmoja akauliza kama tunaweza kucheza kwa sauti ndogo.

12 Juni

Birika limekuwa kazi yangu rasmi. Nina lengelenge kidoleni. Mzee yule, ambaye sasa tunamwita Mzee wa Birika ingawa birika ninalo mimi, hukaa meza ya mwisho akitazama mikono yangu. Nikifika kwake huweka kiganja juu ya kikombe, maana yake hataki. Nilidhani ni wale wazee wanaoringa, wanaopenda kutumikiwa kisha wanakosoa. Nimewahi kuwauzia rangi watu wa aina hiyo.

13 Juni

Mvua. Rangi haikauki.

19 Juni

Nimepata rafiki, bibi anayekaa siku nzima dirishani kwake. Zamani alikuwa mpokea simu wa ofisi kubwa, na mpaka leo anajua nani anazungumza na nani na kuhusu nini. Tunamwita Bibi wa Dirishani, na amelipenda jina.

Leo kanieleza habari za Juu. Daktari wa makao huja mwisho wa mvua, hukaa ukumbini akanywa chai na kutazama nani anajifanyia nini. Kisha yeye na Msimamizi huenda ofisini wakafunga mlango. "Hapimi mapigo ya moyo, mwanangu, anapima kama unafunga vifungo vyako." Alisema hivyo akacheka, kisha akafunga kifungo chake cha juu, ambacho kilikuwa kimefungwa.

24 Juni

Mzee wa Birika kaja kunywa chai na ndevu za siku kadhaa. Wenzangu wamezitaja kama jambo la kuchekesha.

27 Juni

Hakuja kabisa. Mheshimiwa alimpelekea chai chumbani, akakuta anahangaika na kifungo cha mkono wa shati, akamfungia. Akamfungia na viatu. Alirudi ukumbini anang'aa. "Jamani, yule baba anatuhitaji kuliko tulivyodhani," akasema. Tukapanga zamu: mmoja chai, mmoja viatu, mmoja kitanda.

28 Juni

Zamu yangu ya kitanda. Nilikuta ameshaketi kwenye kiti akinisubiri nimalize. Ukutani ametundika kitambaa kile cheupe kwenye msumari, kimekunjwa vizuri. Nilimuuliza kama yu mzima. Akasema, "Mimi ni mgeni wenu."

3 Julai

Mvua. Mvua. Mvua.

5 Julai

Leo nimeumia moyo, na si kawaida yangu.

Nilikuwa napaka rangi fremu ya dirisha la Bibi wa Dirishani, naye ndani anafuma. Nikamwambia, kwa kupiga soga tu, kwamba Mzee wa Birika anadhoofika, na kwamba ni bahati tumekuja wakati anahitaji msaada. Alisimamisha sindano.

"Alikuwa hadhoofiki kabla hamjaja."

Nikaendelea kupaka.

"Yule maisha yake yote alikuwa mhudumu wa hoteli kubwa," akasema. "Alipoletwa hapa na mwanawe alikaa kimya mwezi mzima. Siku moja akaingia jikoni akatoka na birika. Hakuomba ruhusa. Tangu siku hiyo kila asubuhi hunyoa ndevu, hupiga pasi shati lake, hutumiminia sote, anajua nani hali sukari na nani anaiba sukari. Mkaja nyinyi na adabu zenu. Mmemstaafisha mara ya pili, mwanangu."

"Mbona hamkusema?"

"Tungewaambiaje? Mlikuwa na furaha sana. Na yeye asingeweza kukataa. Mtu wa hoteli hagombani na mgeni."

Nilipaka fremu ile mara mbili pasipo haja. Kwetu mtu mzima akishika ndoo unaipokea kabla hujafikiri. Mkono unaenda wenyewe. Sikuwahi kujiuliza anayepokonywa ndoo hubaki na nini. Nimeona haya mpaka masikio yanachoma, na hasira pia, ingawa sijui nimkasirikie nani.

6 Julai

Nilikwenda ofisini kwa Msimamizi. Alinisikiliza amesimama.

"Mimi birika lile lilikuwa linaninyima usingizi," akasema. "Maji ya moto, mzee wa umri ule, sakafu ya vigae. Mlipolichukua nilishukuru. Sasa naona hafungi vifungo, halali vizuri, haji ukumbini. Kitanda cha Juu kimeshatandikwa. Anasubiriwa daktari tu."

"Hafungi vifungo kwa sababu tunamfungia."

"Inawezekana." Aligeuza funguo shingoni. "Mwanangu, mimi sipandishi watu kwa kupenda. Akianguka na birika, atakayejibu ni mimi, nyinyi mtakuwa kwenu. Kama anajiweza, nionyesheni. Sitawazuia."

Si mkavu nilivyodhani. Ana hofu tu, na anaivaa vizuri.

7 Julai

Mkutano katika chumba cha kufulia, baada ya chakula cha mchana. Nilisema tuache zamu zote na birika tulirudishe. Mheshimiwa akasimama, ingawa mabomba humlazimu kuinama.

"Nirudi nyumbani nikaseme nini? Kwamba tulikaa wazee wakatuhudumia? Unajua watu watatuitaje?"

Nikamwambia si lazima kila kitu kiende kwenye video.

"Hujui kitu wewe," akasema, na sauti haikuwa ya hotuba. "Mimi nimelelewa na babu. Alipoanza kushindwa kuvaa viatu, nilikuwa mbali. Alivishwa na jirani. Kwa hiyo usiniambie nimtazame mzee anahangaika na kifungo, nimekunja mikono."

Nilikuwa na jibu tayari, la kumkata. Nikalimeza. Wengine walitazama sakafu. Mwisho tulikubaliana nusu nusu: zamu za chumbani tuache, birika nijaribu mimi, na Mheshimiwa wakati wa chai awe nje anafagia, kwa kuwa hataweza kuvumilia.

8 Julai

Nililiweka birika juu ya toroli katikati ya ukumbi, nikakaa. Wazee wakanitazama. Mvuke ukapanda. Bibi mmoja aligonga kikombe chake kwa kijiko. Kukaa pale kulinichosha kuliko kumimina.

Nikaenda kumgongea. "Baba, chai haijamiminwa."

"Mna mikono."

"Mikono yetu inamwaga, Baba. Umeona mwenyewe."

Nikasikia kiti kinasogea. Alitoka na ndevu zake, kitambaa mkononi, akafika kwenye toroli, akashika birika. Lilipanda kidogo kisha mkono ukaanza kutetemeka, akalirudisha. Ukumbi mzima uliona. Akakunja kitambaa chake vizuri, akarudi chumbani bila kumwangalia mtu. Nilimimina mimi. Hakuna aliyesema asante, na sikuitarajia.

9 Julai

Nilijaza birika nusu tu, nikamgongea tena. Nilidhani hatakuja. Alikuja. Alilinyanyua vizuri, akalitikisa karibu na sikio.

"Nani amekunywa nusu?"

"Nimepunguza, Baba, mpaka mkono uzoee."

Alilirudisha juu ya toroli. "Mimi si mtoto wa kupewa kikombe cha kuchezea. Unanitaka nimimine, lijae. Hunitaki, niache nilale."

Akaondoka. Nimekasirika. Mzee mkaidi, na mimi ninahangaika kwa ajili yake. Baadaye nimefikiri kwamba nimefanya kosa lile lile kwa mlango mwingine.

15 Julai

Alikuja barazani nikipaka rangi, akabeba birika lililojaa maji baridi. Alikwenda nalo mpaka nguzo ya kwanza akalitua, akapumua, akaenda ya pili akalitua. Nikageuka.

"Wewe paka rangi," akasema.

Nikapaka rangi.

16 Julai

Vilevile. Amenyoa.

22 Julai

Kila mchana, mvua ikinyesha pembeni, anakwenda na kurudi barazani. Bado anatua kila nguzo. Sauti ya bati juu ya saruji naijua sasa hata nikiwa nimempa mgongo. Mkono wangu unajiinua wenyewe kila ikichelewa. Nimeanza kushika brashi mbili.

30 Julai

Anaruka nguzo.

2 Agosti

Aliteleza. Si sana, goti tu, maji yakamwagika yote. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Mheshimiwa, aliyekuwa anapita na ufagio, alikimbia akamnyanyua, akalishika birika akalikumbatia kifuani.

"Basi, Baba. Imetosha. Tafadhali."

Mzee akajipangusa goti. "Kijana, nani alikufundisha kukimbia mvuani?"

"Hakuna, Baba."

"Na kutembea, nani alikufundisha?"

Mheshimiwa akasema, "Babu yangu."

"Alikushika mkono kila siku?"

Mheshimiwa alisimama pale na maji yanamchuruzika usoni, na si yote yalikuwa ya mvua. Alikwenda bombani, akalijaza birika mpaka juu, akaja akaliweka sakafuni, karibu na mzee lakini si mkononi mwake. Akarudi kwenye ufagio wake. Siku nzima hakupiga video hata moja.

3 Agosti

Msimamizi aliuliza goti limepatwa na nini. Bibi wa Dirishani akajibu kabla yangu kwamba alijigonga kitandani. Uongo mtupu, na kwa sauti ya ofisi. Msimamizi alimtazama, akanitazama mimi, akaenda.

11 Agosti

Kamimina meza tatu. Mimi nikamalizia. Kiganja hakuweka juu ya kikombe nilipofika kwake, akasema, "Kidogo. Unamimina kwa haraka mno."

19 Agosti

Ukumbi wote. Alichukua muda mrefu mpaka chai ya vikombe vya mwisho ikawa vuguvugu. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa yule wa kuiba sukari, ambaye sasa anaonwa.

20 Agosti

Mvua imepungua. Baraza limekwisha. Rangi haikulingana, ukitazama kwa makini.

28 Agosti

Siku ya kuondoka, na daktari kachagua siku hii hii.

Alikaa meza ya kati na Msimamizi. Sisi tulikaa pembeni, mabegi mlangoni. Mheshimiwa safari hii hakutoka nje. Alikaa karibu nami. Mzee wa Birika alitoka jikoni. Shati limepigwa pasi. Birika limejaa, najua, nilisimama jikoni akilijaza.

Alianza na mabibi, kama kawaida yake. Alipofika kwa daktari mkono ulichoka. Chai ikaingia kikombeni, kisha ikaingia kwenye sahani, kisha ikagusa meza. Msimamizi alishika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu yote miwili, na niliikalia zaidi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutosimama.

Mzee alitua birika. Akavuta kitambaa kutoka mkononi, akafuta meza, akaondoa sahani na kikombe, akaweka vingine, akamimina upya, kidogo kidogo. "Uniwie radhi, bwana daktari. Sukari?"

"Kijiko kimoja," akasema daktari.

"Uliomba viwili mwaka jana."

Daktari akacheka. Msimamizi hakucheka. Walinyanyuka wakaenda ofisini, mlango ukafungwa.

Basi letu lilikuwa nje ya geti, na kutoka barazani mpaka getini ni uwanja mpana wenye madimbwi. Tulianza kubeba mabegi. Mzee alikuja akasimama mbele ya langu.

"Hili lako?"

Nilijua anachotaka. Nilijua pia kwamba dirisha la ofisi linatazama uwanjani. Dakika chache kabla, Mungu anisamehe, nilikuwa nimetoa viatu na vitabu nikavitia kwenye begi la mwenzangu, endapo atataka kulibeba. Alilinyanyua, akalitua pale pale.

"Umelipunguza."

Nilitazama begi la mwenzangu.

"Rudisha."

Nilifungua begi mbele ya watu wote, nikarudisha viatu, nikarudisha vitabu. Mwenzangu alininong'oneza kama nina akili timamu. Mzee alisubiri. Nilipofunga zipu akalishika, akaenda.

Nilimfuata mikono mitupu. Wenzangu walikuwa wanapita na mizigo yao wakigeuka kututazama, na dereva wa basi, mtu asiyetujua, akanifyonya kwa sauti. Mzee alitua begi karibu na dimbwi la kwanza. Akapumua. Akalibeba. Mheshimiwa, aliyekuwa anapiga video ya kuaga, alishusha simu akaanza kukimbia kumfuata. Nikamshika shati. "Muache," nikasema. Akaniacha nimshike.

Alifika. Akalipandisha kwenye basi mwenyewe, akalisukuma chini ya kiti, akatoka akikunja kitambaa. Aliniambia, "Safari njema, mgeni wangu." Nikampa mkono. Kiganja chake kilikuwa na alama ya mshipi wa begi. Nililia, na sikuficha.

Injini ilikuwa inanguruma Msimamizi alipokuja dirishani kwangu, funguo zikigonga bati la basi. "Kile kitanda cha Juu," akasema, "nimewaambia wakitandue." Akaongeza, "Kwa sasa." Kisha akarudi ndani, haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

31 Agosti

Nyumbani. Mheshimiwa ameshawatumia watu video zake, na kabla sijafua nguo Mama alikuwa ameiona ile ya mwisho. Sijui nani alimwonyesha. Aliketi kitandani kwangu, akanishikia simu usoni.

Inaonyesha mzee ameinama upande mmoja kwa uzito wa begi jekundu ambalo Mama mwenyewe alininunulia. Nyuma yake natembea mimi, mikono mitupu, kifua mbele. Kisha picha inageuka, yanaonekana matope na viatu vya Mheshimiwa, inakatika.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na hivi ndivyo nilivyokulea?"

Nilimweleza. Nilianza na lile birika na makofi yetu, nikaenda mpaka kitanda kilichotanduliwa. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma mara kwa mara, na Mama hakunikatiza hata pale nilipotarajia. Nilipomaliza aliirudisha video mwanzo akaitazama tena, peke yake, simu karibu na macho, mpaka ilipokatika kwenye matope.

"Hapa imekatika," akasema. "Alifika nalo?"

"Alifika nalo, Mama."